Iringa, Ilinga, Lilinga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu jina la mji wetu

Maswali haya nimeyaokota nikitembeza wageni kati ya Gangilonga, boma la zamani na Kalenga. Mengine yametoka kwa wanafunzi wa hapa hapa, ambao wamezaliwa na jina hili mdomoni na hawajawahi kuliangalia. Nimeyapa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine bila kurudia maelezo.

## Mwanzo wa jina

1. Iringa maana yake nini?

Ngome. Neno la Kihehe ni *lilinga*, mahali palipozungushiwa ukuta wa kujihami. Ngome yenyewe ni ile ya Mkwawa, Mtwa (mtawala) wa Wahehe, makao yake makuu yenye ukuta mrefu wa mawe, karibu na Mto Ruaha Mdogo. Kwa watu wa wakati ule lilinga lilikuwa neno la kawaida tu, kama vile leo mtu akikuambia "naenda bomani" hufikirii kwamba ametaja jina la mji. Ngome ilipokuwa kubwa kuliko nyingine zote, hapakuwa na haja ya kuuliza lilinga lipi.

2. Kwa hiyo Iringa ya Mkwawa ndiyo mji huu?

Hapana, na hapa ndipo wageni wengi wanapopotea. Ngome ya Mkwawa ilikuwa mahali panapoitwa Kalenga leo, kama kilomita 15 kutoka mjini, njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha. Wajerumani waliishambulia mwishoni mwa Oktoba 1894, wakaiangusha tarehe 30. Mkwawa mwenyewe aliponyoka na kuendelea kupigana porini hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojiua ili asikamatwe.

Mwaka 1896, vita vikiwa bado vinaendelea, afisa wa Kijerumani Tom von Prince alianzisha kituo kipya cha jeshi juu ya kilima tunachokikalia sisi. Akakiita Neu-Iringa, yaani Iringa Mpya. Ile ya kwanza ikawa Alt-Iringa, Iringa ya Kale. Baadaye "Mpya" ilidondoka, na ile ya kale ikabaki na jina la Kalenga peke yake.

Kwa maneno mengine, mji wetu umebeba jina la ukuta ambao haukuwahi kuwa ndani yake. Mgeni akishuka stendi akaniuliza "ngome iko wapi?", huwa namwambia apande gari tena.

3. Si ni Wajerumani waliotunga jina la Iringa?

La. Walilikuta. Walichoongeza ni *Neu* (swali la 2), na tahajia (swali la 8).

## R, L na NG

4. Kama neno ni lilinga, hiyo r imetoka wapi?

Kihehe cha asili hakina r. Kina l, na l hiyo kwa sikio la mgeni inaweza kusikika katikati ya l na r. Mtu ambaye lugha yake inatenganisha sauti hizi mbili lazima achague mojawapo anapoandika, na walioandika majina ya huku mara nyingi walichagua r.

Hili halikutokea kwa Iringa peke yake. Chukua mto: Kihehe kinasema *luvaha*, ramani inasema Ruaha. Chukua mahali Wahehe walipokivunjavunja kikosi cha Emil von Zelewski tarehe 17 Agosti 1891: sisi tunasema Lugalo, lakini maandishi mengi ya Kijerumani yanasema Rugaro. Ukiyaweka majina haya matatu kando kwa kando, unaona mkono uleule: l inaingia, r inatoka.

Kinachonifurahisha ni kwamba matokeo hayakulingana. Lugalo ilirudishiwa l zake, hata kambi ya jeshi ya Dar es Salaam yenye jina hilo inaandikwa hivyo. Ruaha na Iringa zimebaki na r. Sababu naiona hivi: mto na mji viliingia kwenye ramani, barua za serikali na mihuri mapema, na muhuri haubishani na mtu. Lugalo iliendelea kuishi zaidi kwenye masimulizi ya wazee, na masimulizi yana lafudhi ya mwenyewe.

5. Na ile *li-* ya mwanzo imekwenda wapi?

*Li-* ni kiambishi cha ngeli, si sehemu ya mzizi. Umoja unachukua *li-*, wingi unachukua *ma-*. Wingi huo unausikia kila siku bila kujua: Tosamaganga ina *maganga* ndani yake, yaani mawe. Jiwe moja ni *liganga*, na ndilo lililojificha kwenye Gangilonga, jiwe linaloongea.

Kiambishi cha aina hii hupungua kirahisi. Kinaweza kubaki *i-* tu, kinaweza kutoweka kabisa kama kwenye Gangilonga. Siku ukisafiri kutoka Ruaha Mbuyuni kuja mjini na kuendelea mpaka Mafinga, hesabu vibao vinavyoanza na I: Ilula, Image, Igumbilo, Ipogolo, Ifunda. Ukikata upande wa kaskazini kuna Isimani, magharibi kuna Idodi. Iringa imekaa kwenye foleni hiyo kama ndugu zake.

6. Mtu akisema au kuandika "Ilinga" amekosea?

Kwenye Kiswahili sanifu, ndiyo. Jina rasmi ni Iringa, na ndilo la kuandika kwenye fomu, bahasha na cheti.

Lakini nina neno hapa. Nikiwa darasa la tatu, katika shule ambayo sitaitaja, niliandika "Ilinga" kwenye imla. Nilichapwa viboko viwili vya mkono na kuamriwa kuliandika jina sahihi mara hamsini. Kiboko cha pili kilikuwa cha kuuliza kwa nini bibi yangu anasema hivyo. Bibi alikuwa anaishi Kihesa na kila Jumamosi akijifunga kanga kwenda sokoni alisema anakwenda "Lilinga", kwa sauti ya mtu asiye na shaka yoyote. Ilinichukua miaka kugundua kwamba kati ya mwalimu, daftari na bibi, aliyekuwa karibu zaidi na Mkwawa ni bibi.

Watu wa Nyanda za Juu Kusini wamechekwa sana kwa "kuchanganya r na l". Basi angalau kwa jina hili moja, mcheke polepole.

7. Inatamkwa Iringa au Iring'a?

Iringa, kwa *ng* ya ngoma, si *ng'* ya ng'ombe. Mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama kawaida ya Kiswahili: i-RI-nga.

Swali hili linaletwa na wageni, na kila mmoja analeta kosa la kwao. Kuna kijana Mjerumani niliyekunywa naye chai Miyomboni, akawa anasema "Iring'a, Iring'a" kila sentensi. Hakuwa mzembe. Kijerumani kinapokuta herufi n na g pamoja katikati ya neno husoma *ng'*: kidole kwao ni *Finger*, na wanakitamka bila kugusa g. Nikamwambia aseme "ngoma". Akasema "ng'oma". Nikapiga meza kwa vidole, ngo-ma, ngo-ma, mpaka mama chai akacheka na kuanza kutingisha bega. Mara ya sita ikatoka. Nikamwambia sasa toa "oma" weka "a". "Nga." Haya, i-ri-nga. Alilipia chai yote.

Mwingereza ana shida tofauti. Kwao *finger* ina g na *singer* haina, kwa hiyo akikutana na Iringa kwenye karatasi lazima abahatishe.

## Wajerumani, Waingereza na karatasi zao

8. Wajerumani waliliandikaje jina hili na majina mengine ya Uhehe?

Iringa, Neu-Iringa na Alt-Iringa, vyenye kistari katikati. Nchi yetu waliiita Uhehe na watu wake Wahehe, na hapo tayari kuna jambo la kutazama: *U-* na *Wa-* ni viambishi vya Kiswahili. Maafisa hao walifika na wapagazi, askari na wakalimani waliozungumza Kiswahili, na majina mengi ya bara yalipita kwenye midomo ya watu hao kabla ya kufika kwenye wino. Ndiyo maana mimi husema Iringa ni neno la Kihehe lililovaa kanzu ya Kiswahili na kupigwa picha na Mjerumani.

Jina la Mkwawa nalo liliteseka. Kirefu chake ni Mkwavinyika. Konsonanti tatu mfululizo, m-k-w, zilimshinda Mjerumani, na kwenye maandishi yao mengi utamkuta kama "Quawa": m imetupwa, kw imegeuzwa qu.

9. Kwa nini jina Neu-Langenburg lilikufa na Iringa likabaki?

Swali zuri, na huulizwa zaidi na watu wa Rungwe. Neu-Langenburg ndiyo Tukuyu ya leo. Langenburg ya kwanza ilikuwa kituo cha Wajerumani kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa. Makao yalipohamishiwa milimani, yakapewa *Neu*, kama ilivyokuwa hapa kwetu. Lakini jina lenyewe lilitokana na mtu wa ukoo wa kitawala wa Kijerumani, Hermann wa Hohenlohe-Langenburg, aliyekuwa mkuu wa chama cha ukoloni huko kwao.

Tofauti ni hiyo. Utawala wa Kijerumani ulipoondoka, hapakuwa na bibi hata mmoja Rungwe aliyehitaji kumtaja Langenburg akienda sokoni. Iringa ilikuwa na wenyewe. Ukiondoa *Neu* kwa Iringa unabaki na neno la watu. Ukiondoa kwa Langenburg bado unabaki na mgeni.

Mafinga nayo iliwahi kujulikana kama John's Corner. Limekwenda na hilo.

10. Waingereza walibadilisha nini?

Kwenye tahajia, karibu hawakugusa kitu. Kwa Mkwawa walifanya jambo la ajabu zaidi: jina lake likaingia kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, kinachoitaka Ujerumani irudishe fuvu lake. Humo ameitwa "Sultani Mkwawa". Usultani huo ni wa kubandikwa. Wahehe walimwita Mtwa. Fuvu lilirudi mwaka 1954, likiletwa na Gavana Edward Twining, na liko kwenye makumbusho ya Kalenga, yaani kwenye Iringa ya kwanza.

## Lugha za mbali

11. Wachina na Wajapani wanaiitaje Iringa?

Kichina hakiandiki kwa herufi za sauti moja moja, kwa hiyo jina la kigeni hutafutiwa alama zinazosikika karibu nalo. Iringa ni 伊林加, inasomwa Yilinjia. Tazama kilichotokea: r ya Kichina haifanani na yetu, kwa hiyo desturi yao ni kuweka l mahali pa r ya wageni. Mchina akisema Yilin-, anamkaribia bibi yangu kuliko mwalimu wangu (swali la 6). Alama ya kati, *lin*, ina maana ya msitu. Ni bahati tu ya sauti, ila aliyewahi kupita kwenye misitu ya Sao Hill hatalalamika.

Kijapani ni イリンガ. Wajapani wana sauti moja inayofanya kazi ya r na l, sawa kabisa na tatizo la swali la 4, na wao wanaiandika kilatini kama r. Pia wanaihesabu n kama pigo la peke yake: i-ri-n-ga, mapigo manne. Sisi tuna silabi tatu.

12. Kwa Kiarabu je, ambacho hakina g?

Kiarabu sanifu huweka *ghaini*: إيرينغا. Watu wa pwani hawatashangaa, kwa kuwa barua za zamani za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zilitumia ghaini hiyohiyo kwa g. Msomaji alitakiwa ajue mwenyewe kama ni ghali au gari.

13. Kuna lugha zinazobadilisha mwisho wa jina?

Zipo nyingi. Mrusi huandika Иринга, lakini akisema "katika Iringa" a ya mwisho inageuka: *v Iringe*. Mfini yeye haondoi, anaongeza: *Iringassa* ni mjini Iringa, *Iringasta* ni kutoka Iringa, *Iringaan* ni kwenda Iringa. Mwanafunzi mmoja aliposikia hayo alisema, "Kumbe wana -ni yao." Ndiyo, ila yao inakubali majina ya miji na yetu inakataa (swali la 15).

Waitaliano, ambao tunawafahamu zaidi kupitia mapadre wa Konsolata waliofika 1919, hawakuhitaji kubadilisha chochote. Iringa inaishia na irabu na kila silabi ni nyepesi. Kwao linasikika kama jina la nyumbani.

14. Je, sisi nasi hatuyageuzi majina ya wenzetu?

Tunayageuza sana! Yerusalemu, Damaski: yote mawili tumeyafungia irabu mwishoni kwa sababu neno linaloishia na konsonanti linatukaa vibaya mdomoni. Ureno tuliitoa kwenye neno la Wareno wenyewe lenye maana ya ufalme, *reino*, tukalipa *U-* ya nchi kama tulivyoipa Uhehe. Na Wazungu wanafanyiana hivyo hivyo. Mji ambao Wajerumani huuita München, Waingereza huuita Munich, na padre Mwitaliano hukuambia ni Monaco, halafu analazimika kueleza kuwa si ile Monaco nyingine.

## Matumizi ya kila siku na mambo ya pembeni

15. Tunasema "niko Iringa" au "niko Iringani"?

Niko Iringa. Jina la mji halichukui *-ni* ya mahali. Ukitaka *-ni*, iweke kwenye nomino ya kawaida: mjini Iringa, mkoani Iringa. Mitaa kama Kitanzini na Miyomboni inayo kwa sababu ilianza kama nomino za kawaida: kwenye kitanzi, kwenye miyombo. Cha Kitanzini si kitanzi cha mbuzi. Wazee wanasema ndipo Wajerumani waliponyongea watu.

16. Mtu wa Iringa anaitwaje? Mwiringa?

"Mtu wa Iringa", basi. Mwiringa halijashika. Wala usimwite kila mtu Mhehe, maana mjini tuko Wahehe, Wabena, Wakinga, Wagogo na wengine wengi. Salamu ya "Kamwene" lakini itaitikiwa na karibu wote.

17. Nikisikia "Iringa" redioni, ni mji, wilaya au mkoa?

Inaweza kuwa yoyote. Kuna Mkoa wa Iringa, kuna Wilaya ya Iringa, na mji wenyewe kiserikali ni Manispaa ya Iringa. Mtu wa Kalenga anaishi Iringa Vijijini, ingawa kwa historia yeye ndiye mwenye Iringa. Ukisoma kitabu cha kabla ya 2012 jihadhari zaidi, kwa sababu Njombe ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Iringa.

18. Mbeya nayo ina hadithi kama hii?

Ina yake. Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba jina limetoka kwenye neno la Kisafwa *ibheya*, chumvi, kwa kuwa wafanyabiashara walifika hapo kubadilishana mazao na chumvi. Humo *i-* ya mwanzo imeanguka na m imeingia, kinyume cha Iringa iliyong'ang'ania *i-* yake. Songea ni jambo jingine kabisa: ni jina la mtu, Nduna (jemadari) Songea Mbano, aliyenyongwa 1906 wakati wa Vita vya Majimaji.

19. Natafuta ukoo wangu kwenye nyaraka za zamani. Nitafute tahajia gani?

Tafuta zote. Kwa mji: Iringa, Neu-Iringa, Alt-Iringa. Kwa majina mengine, badilisha kila l kwa r na kila r kwa l, kisha jaribu bila kiambishi cha mwanzo. Rungemba itafute pia kama Lungemba. Jina lenye *Mkw-* lijaribu kwa *Kw-* na *Qu-* (swali la 8). Na ukikuta "Iringa" kwenye karatasi ya kabla ya 1896, mahali panapotajwa ni Kalenga. Usiende kutafuta kaburi la babu kule Gangilonga.

20. Tiketi yangu ya ndege imeandikwa IRI. Wamekosea?

Hawajakosea. Ni kifupi cha uwanja wetu wa Nduli.